Mkanda Kabla ya Bandari

Matondoni ilinuka sifa. Mafuta hayo ya ini la papa yalipakwa kwenye mbao za vyombo, na jua la adhuhuri lilipoyapasha moto harufu ilipanda kutoka pwani, ikapita vichochoro vya nyumba za makuti, ikaingia hata sandukuni kwenye nguo za Idi zilizofukizwa udi. Ukishaizoea sifa, pua ilianza kupata yaliyokuwa chini yake: unga wa mbambakofi unaodondoka kwenye msumeno, pamba ya kalafati iliyolowekwa mafuta, moshi wa makuti makavu yaliyowashwa chini ya chombo kilichopandishwa mchangani ili kuwaua wadudu wanaotoboa mbao. Mgeni aliyetoka Amu, mji wa Lamu, juu ya punda alijua amekaribia kabla hajaona paa hata moja.

Kijiji chetu kiko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Kimeupa mji mgongo, kinatazama mikoko ya bara. Hapo ndipo majahazi na mashua za visiwani zilipokuja kuundwa na kutengenezwa, kwa hiyo mtoto wa Matondoni alijifunza viungo vya chombo wakati mmoja na viungo vya mwili wake: mkuku, mataruma, tezi, omo, mlingoti, foromali. Asubuhi tuliamka kwa mlio wa tezo. Fundi akipiga mbao mbichi mlio ulikuwa mzito. Akipiga mbao iliyokauka vizuri uliruka hadi ng'ambo ya maji, na bibi yangu, aliyekuwa ameanza kupoteza macho, aliweza kusema kwa kusikiliza tu kama jahazi la fulani litamalizika kabla ya kaskazi au baada.

Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa na mashua ya tanga moja iliyoundwa pale pale, kwa mikono ya watu tuliowaamkia kila siku. Kwa kuwa mimi ni wa kike, nilipewa bahari kwa miaka michache tu, ile ya kabla ya buibui. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini. Kazi yangu ilikuwa upo. Nilikaa katikati ya chombo, miguu imezama katika maji ya uvuguvugu yaliyopenya maungioni, nikayakumba na kuyamwaga ubavuni. Mti wa upo ule ulikuwa umelainishwa na viganja vya watoto waliokumba kabla yangu, na mama alikuwa mmoja wao.

"Ndoo," mjomba aliniita mlangoni kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sauti ya chini asiwaamshe wadogo. "Mai yameyaa." Njoo, maji yamejaa.

Tuliteremka pwani na mkate wa mofa uliofungwa kwenye kitambaa na kahawa chungu iliyobaki ya jana, ikiwa imepashwa na kutiwa tangawizi. Mchanga ulikuwa baridi. Vijana wawili waliokuwa mabaharia wake walikuwa tayari wameng'oa nanga, na hakuna aliyesema neno mpaka tanga lilipojaa. Sijui kama ilikuwa desturi au usingizi. Nakumbuka tu kwamba neno la kwanza lilikuwa la mjomba, na lilikuwa Bismillahi.

Njia yetu ilizunguka kaskazini mwa kisiwa, tukaiacha Mokowe mkono wa kushoto, kisha tukaingia Mkanda. Huo ni mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, na hauendwi kwa saa ya mkononi. Chombo hupita maji yakiwa juu. Ukichelewa, maji hukuacha juu ya tope, ukakaa na mbu wako mpaka yarudi. Mjomba alihesabu kwa mwezi. Akitoka msikitini baada ya isha alisimama kidogo uwanjani, akautazama, akajua kama kesho ni bamvua au maji mafu na Mkanda utapitika tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Sikumwona akikosea.

Ndani ya Mkanda upepo ulikatika na tanga likalegea. Mjomba alishika upondo akasukuma, na mikoko ikatusogelea pande zote mbili. Humo alinifundisha kusoma miti kabla sijajua vizuri kusoma juzuu. Alinyoosha kidole nami nikataja. Mkoko wenyewe, mizizi yake imesimama majini. Mui, ulionyooka, wa kujengea. Mkandaa, ambao ganda lake hutoa rangi nyekundu ya kutia nyavu na matanga yasioze. Mlilana, unaoota mbele kabisa kwenye maji ya kina, ambao matawi yake yaliyopinda ndiyo mataruma ya mashua tuliyokalia. Mkomafi na matunda yake mazito ya mviringo. Mchu, ambao ukililamba jani lake ulimi unapata chumvi. Nililamba kila mara, na kila mara nilishangaa.

Tope la Mkanda lina sauti. Maji yakianza kupwa, vishimo vya kaa hupumua na kupasuka kidogo kidogo, na chaza walioshika mizizi hufunga milango yao. Mdiria alipita mbele yetu akiwa kipande cha buluu, akatua, akatungoja, akapita tena. Wakataji wa boriti walikuwa ndani zaidi. Hatukuwaona, tulisikia mashoka na mtu mmoja akikohoa. Miti yao ilikuwa na majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na babu alikuwa akitusimulia juu ya majahazi ya Uarabuni yaliyokuja na kaskazi kuchukua shehena za boriti, mpaka serikali ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982. Mjomba aliwaheshimu wakataji ila aliwatazama kwa makini. Walipokata kwa kuruka, mti huu waukate na ule wauache, aliwatupia samaki. Walipofyeka sehemu nzima alikwenda kuwaambia, kwa sababu kamba na mkizi na changu wadogo huanza maisha katikati ya mizizi ile, na alitaka mtu ajue ni riziki ya nani inayokatwa.

Kisha Mkanda uliisha, na ghuba ya Manda ikafunguka mbele yetu yote kwa pamoja. Kulia Manda na mibuyu yake, kushoto Kililana na mashamba ya simsim na mahindi, na mbali, chini ya wingu, Pate. Maji yalibadilika rangi, kutoka chai ya maziwa hadi kijani cha jani changa la ndizi. Upepo wa umande ulitushika tena. Mpaka leo, nikisikia mtu anasema neno utajiri, ghuba hiyo ndiyo inayonijia.

Malema ya mjomba, mitego yake ya samaki, yalikuwa chini ya maji hayo, kila moja likiwa limewekewa mawe, na mengi hayakuwa na chelezo ya kuonyesha yalipo. Aliyapata kwa kutazama nchi kavu. Mbuyu fulani wa Manda ukipita mbele ya mwingine mfupi, na wakati huo huo mnazi wa Kililana ukisimama juu ya ukingo wa mchanga mweupe, hapo alisema "shusha," tanga likashuka, na kiopoo kikateremka majini na kurudi na lema. Maji yalichuruzika kwenye matundu yake. Ndani yalirukaruka mambo ya rangi zote: pono wa kijani, changu, chewa mdogo mwenye madoa aliyekasirika, na tafi, tafi wengi, maana chambo kilikuwa mwani na tafi hula mwani. Nilikatazwa kuwagusa tafi mpaka mjomba awavunje miiba, kwa kuwa mwiba wa tafi una sumu inayouma hadi begani. Sauti yao wakigonga sakafu ya mashua ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya bati.

Matundu ya lema yalisukwa mapana makusudi ili wadogo watoke wenyewe. Waliobaki wakiwa bado wadogo mjomba aliwachukua kiganjani, akawatazama, akawaambia, "Nenda kamwite babako," akawarudisha. Nilicheka kila mara. Lakini alikuwa hachezi. Nilimwona akirudisha samaki siku ambazo kapu lilikuwa jepesi na nyumbani kulikuwa na wageni.

Hakuna karatasi iliyosema ghuba ile ni ya nani. Kulikuwa na leseni ya uvuvi, mjomba aliilipia na kuihifadhi kwenye mkebe wa chai pamoja na picha ya ndoa yake, lakini leseni haikumwambia mahali pa kutega wala pa kuacha. Hayo yalikuwa yanajulikana. Watu wa Pate walikuwa na miamba yao, sisi tulikuwa na yetu, na palipokuwa pa wote palikuwa pa wote. Anayetega kwa malema hakuvutiwa juya juu yake. Utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi samaki wakalewa, haukutumiwa na mtu mwenye haya. Kupwa kwa bamvua kubwa kuliachiwa wanawake na watoto, waende miambani kwa miguu kutafuta pweza na kombe.

Mwaka mmoja mtu wa kijiji chetu alileta juya la macho madogo, akalikokota mchana kwenye majani ya baharini mbele ya Kililana, akarudi na kapu la vitu ambavyo havikuwa bado samaki: vidole vya samaki, vinavyong'aa. Hakuna aliyemtukana. Baada ya swala ya asri wazee walikaa barazani kwenye daka la msikiti, wakamwita, wakamtilia kahawa, wakaomba alete kapu. Likawekwa katikati. Mzee mmoja alianza kuvitaja vile vidole kimoja kimoja, huyu angekuwa changu, huyu kolekole, huyu chewa wa kulisha nyumba nzima, akaendelea kwa utulivu mpaka kahawa ikapoa na yule mtu akaanza kulia. Juya lilikatwa likawa nyavu za kufungia kuku. Mimi na watoto wenzangu tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta, na tulielewa yote. Hiyo ndiyo serikali ya kwanza niliyoiona ikifanya kazi, na naamini mpaka leo ilikuwa nzuri.

Tuliporudi, jua lilikuwa limepanda. Wanawake walikuwa wanangoja mchangani na majamanda yao. "Sabalkheri," "akheri," na macho yote kwenye tumbo la mashua. Samaki waligawanywa pale pale: fungu la chombo, fungu la malema, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia, na kabla ya yote hayo kitoweo cha wajane wawili waliokuwa jirani na cha mwalimu wa chuo cha Kurani. Mjomba alikuwa akiwachagulia wajane tafi wanene. Upo wangu nao ulihesabiwa, nikapewa samaki wangu mwenyewe, nikampelekea mama nikiwa nimemshika kwa mkia.

Mama alikuwa mkaangaji. Alikaa nyuma ya nyumba chini ya mkungu, karai jeusi juu ya mafiga matatu, mafuta yakilia. Aliwapasua tafi mgongoni, akawatia chumvi, manjano, ndimu na pilipili iliyotwangwa pamoja na kitunguu saumu, akawaacha wanywe huku akichochea kuni za mkandaa, kwa sababu aliamini kuni nyingine zinatoa moshi wa uchungu. Mafundi wa vyombo walikuja kula wakiwa na vumbi la mbao kwenye kope. Walikunja karatasi ya gazeti mkononi, samaki ndani, kipande cha mkate juu, na waliokuwa na deni walilisema wenyewe. Ada zangu za shule, daftari, viatu vya plastiki, na baadaye nauli yangu ya kwenda chuo cha ualimu, vyote vilipita kwenye karai lile. Lakini karai halikuwa chombo cha kuvulia, na sikujua bado kwamba siku moja jambo hilo litakuwa na uzito.

Nisiseme kwamba bahari ile haikuguswa mpaka meli kubwa zilipokuja. Mwaka 1998 maji yalipata joto isivyo kawaida pwani yote, na nilipokuja likizo mjomba alinieleza jinsi matumbawe ya Manda Toto yalivyogeuka meupe, akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza msiba wa jirani. Vyombo vya injini vilikuja na taa kali. Watoto wa waliosuka malema walianza kununua nyavu za nailoni za uzi mmoja. Wazee wa daka wakafa, na kahawa ya asri ikawa kahawa tu.

Halafu zikaja ramani. Nilikuwa nimeolewa Malindi, nikifundisha, na nilikuwa nyumbani kumuuguza bibi pale wageni walipoitisha mkutano. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Maafisa walibandika karatasi kubwa ukutani, na ghuba ya Manda ilikuwepo, buluu moja tu tupu, imekatwa mistari iliyonyooka kutoka Kililana kwenda ndani. Walihesabu magati ya bandari, wakafika 32. Walitaja mafuta ya Sudan Kusini, reli ya kwenda Ethiopia, barabara, kazi kwa vijana. Makofi yalipigwa pia, na wapigaji sikuwalaumu. Ndugu zangu wenyewe walikuwa na vyeti na hawakuwa na kazi. Mjomba alisubiri, kisha akainua mkono, akasogea karibu na ukuta. Alitafuta kwa kidole. Hakukuta jina la mwamba hata mmoja. Aliuliza, kwa adabu, malema yatategwa wapi na mikoko itakayokatwa itapandwa wapi, na ni nani atakayerudi kuwajibu wasiokuwa na nafasi ya kuuliza siku hiyo. Aliambiwa maswali yote yamepokelewa.

Jiwe la msingi la bandari liliwekwa tarehe 2 Machi 2012, na marais wawili na waziri mkuu mmoja walisimama Kililana: Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi. Tuliwatazama kwenye televisheni. Mapema mwaka huo huo baadhi ya watu wa Lamu walikuwa wamekwenda mahakamani kudai kwamba mradi umeanza bila wao kuelezwa wala kusikilizwa, na kwamba uvuvi wa ghuba ile ni mali na mila yao kabla haujawa kitu kingine. Kesi ilikwenda pole pole. Maisha hayakungoja. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, ikawekwa amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ukakatazwa. Katazo hilo lilidumu muda mrefu kuliko amri yenyewe. Mama alinipigia simu akaniambia amekaa pwani baada ya magharibi na hakuona taa hata moja majini, tangu Mokowe hadi linakofika jicho, na kwamba hajawahi kuliona giza la namna hiyo.

Na mchana tope likaja. Mashine zilichimba sakafu ya ghuba ili meli zipate kina cha mita 17.5, na lililochimbwa lilitembea na maji. Mjomba aliinua malema yakiwa yamejaa unga laini wa kijivu, chambo cha mwani kimefunikwa, ndani hamna kitu au kuna kaa mmoja amechoka. Alama zake za nchi kavu nazo zilianza kupotea, maana mnazi wa Kililana ulikatwa. Aliendelea kwenda kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza kwa nini, akasema tafi hawana simu ya kuambiwa wahame, huenda wengine wamo, na wakirudi nao wasikute hakuna mtu.

Hukumu ilitoka mwaka 2018. Mahakama Kuu ilisema wananchi hawakupewa habari wala kushirikishwa ipasavyo, kwamba haki yao ya mazingira safi na haki yao ya utamaduni zimevunjwa, kwamba uvuvi wao wa jadi ni kitu ambacho Katiba inakilinda, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mjomba alinitaka nimsomee hukumu yenyewe, si gazeti. Tulikaa barazani, mimi nikisoma Kiingereza cha majaji na kumfasiria, yeye akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye maneno juu ya njia za jadi za uvuvi alinisimamisha, akaomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mke wake kutoka jikoni aje asikie naye. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la kuamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ng'ambo ile ile ya Kililana, na hapo pia sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Kwa muda ilionekana kwamba yale maswali ya ukumbini yamepata wa kuyajibu.

Fidia ikawa safari nyingine. Rufaa ilikatwa, kukawa na mazungumzo, yakazaliwa makubaliano kwamba asilimia 65 italipwa fedha na asilimia 35 iwe vyombo na vifaa vya uvuvi. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, meli ya kwanza ikatia nanga, na wavuvi walikuwa bado wanahakiki majina yao. Baadhi ya waliokuwa na mjomba katika Mkanda wamekufa wakiwa na nambari kwenye orodha.

Mjomba yu hai. Hatoki tena. Kijana wake huvua nje ya mwamba, kwenye mawimbi ambayo mashua yetu haikuundiwa, kwa injini ya mkopo na petroli inayokula nusu ya samaki. Upande wa Pate wanawake wa pweza wameanza kufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanafungua kwa siku iliyokubaliwa, na mjomba akisikia hayo hufurahi sana, huuliza nani anasimamia, nani anaadhibu, kahawa inatiliwa wapi. Vijana wa kwetu wanapanda mikoko kwenye ukingo uliofyekwa. Nimekwenda nao, nimezama hadi magotini, na nimefurahi kukuta kwamba mikono yangu bado inautofautisha mche wa mkandaa na wa mui bila kuangalia.

Likizo ya mwisho nilimsindikiza mama kwenye mkutano wa BMU yetu, kikundi cha usimamizi wa ufuo, chini ya banda la kupokelea samaki. Afisa kijana alikuwa ametumwa kutoka bara kuzungumzia vifaa na orodha. Alikuwa na adabu, na alikuwa amekuja, jambo ambalo si dogo. Alisoma majina ya wenye vyombo, kisha ya mabaharia. Alipomaliza, mama alisimama. Ana miaka zaidi ya sabini, alijishika kwenye nguzo ya banda.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekaanga samaki wa ghuba ile tangu hujazaliwa. Alipokosa mjomba wa mtoto huyu nilikosa na mimi, siku ile ile. Yeo nanunua samaki kwa bei nisiyoweza kuwauzia mafundi. Katika karatasi zako nitafute ukurasa gani?"

Afisa alisema atalifikisha suala hilo kwa wakubwa.

"Kwa mkubwa gani, na utarudi lini?"

Alitaja ofisi, akasita, akataja mwezi. Mama hakukaa. Alimwomba katibu wa kikundi aandike jina la afisa, ofisi na mwezi huo, kisha asome kwa sauti ili kila mtu asikie yale yale, na ikakubaliwa kwamba mwezi huo ukipita bila jawabu, watu watavuka kwenda Mokowe, kwenye ofisi za kaunti, na daftari hilo mkononi. Afisa aliombwa atie sahihi. Alitia. Kisha mama akataka jina lake mwenyewe liandikwe chini, na kazi yake, mkaangaji, na jina la baba yake kwa ukamilifu. Nyuma yake akasimama jirani yetu anayeuza kaa, kisha mjane ambaye husuka malema na hajawahi kupanda chombo, kisha wasichana wawili wanaouza barafu. Katibu aliandika mpaka adhana ya asri, akamtuma mtoto dukani kununua daftari la pili.